Taa za Bukoba Zilikuwa za Jinja

Usiku mmoja wa Oktoba 2023, mgao wa umeme ukiwa umepamba moto, nilipanda MV Victoria katika bandari ya Mwanza Kaskazini na kuuacha mji ukiwa gizani. Nikiwa sitahani niliweza kuhesabu sehemu zenye jenereta: Hospitali ya Bugando kule mlimani, hoteli chache za Kapripointi, na taa nyekundu za minara ya simu. Alfajiri, baada ya meli kushusha watu na mizigo Kemondo, tulianza kuuona mji wa Bukoba, nao ulikuwa unawaka taa kuanzia ufukweni hadi kwenye vilima vya nyuma, kana kwamba habari za mgao hazijawahi kufika upande ule wa Ziwa Victoria.

Shangazi yangu anakaa Hamugembe. Nilimkuta uani akimenya ndizi, redio ikiwa imechomekwa ukutani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Huko kwenu umeme upo?"

"Unakatwa asubuhi, unarudi usiku."

"Poleni. Sisi wa kwetu unatoka Uganda," alisema, kwa sauti ya mtu anayemtaja mkwe mwema.

Alikuwa amesema kweli tupu. Tangu miaka ya 1990 Bukoba na wilaya zinazoizunguka zimekuwa zikipata umeme kwa laini ya kilovolti 132 inayotoka Masaka, ikavuka mpaka na kufika katika kituo cha kupoza umeme cha Kyaka. Shangazi hununua luku kwa shilingi ya Tanzania na nguzo iliyo mbele ya nyumba yake ni ya TANESCO, shirika letu la umeme, lakini kwa miaka yote hiyo mashine zilizowasha taa yake zilikuwa zinazunguka nchi nyingine. Gridi ya Taifa, ambayo sisi wa Mwanza tunaisifu inapowaka na kuilaani inapozima, kwake ilikuwa jina la kwenye taarifa ya habari.

Kyaka si mahali padogo katika historia yetu. Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin yalilipua daraja la hapo ili kuukata mkoa sehemu mbili, na vita vikapamba moto. Haikupita hata miaka 20 kabla ya upande uleule zilikotoka baruti kutuletea nyaya za umeme. Kuna jambo jingine ambalo hunifurahisha kila ninapopita pale kwa basi. Maji ya Mto Kagera yanayopita chini ya daraja hilo huingia ziwani upande wa Uganda, na ziwa lote hili, ambalo asilimia 51 yake ni ya Tanzania, lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko Jinja, nchini Uganda, ambako bwawa la Owen Falls, siku hizi Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Kwa hiyo maji yanapita Kyaka yakiwa tope, yanakwenda Jinja kuzungusha mitambo, kisha kazi yake inarudi Kyaka ikipita angani kwenye nyaya.

Kabla sijaeleza kwa nini naona mkoa uliojitenga na gridi unastahili kuunganishwa, tena na majirani wengi kadiri inavyowezekana, inabidi nieleze kujitenga ni nini hasa, na hilo nililijua kwa mikono yangu kabla ya kulisoma popote.

Nilipomaliza mafunzo ya ufundi umeme nilipata kazi katika kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Kilikuwa na majenereta mawili ya dizeli yenye ukubwa sawa, na umeme wa TANESCO ulipokatika kiwanda kizima kiligeuka kuwa kisiwa. Asiyewahi kukaa ndani ya kisiwa cha namna hiyo hajui jinsi kila kitu kinavyomgusa mwenzake. Kompresa moja ya chumba cha barafu ilipowashwa, taa za ofisini zilififia, injini ikaguna na kutoa moshi mweusi, sindano ya hezi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde, ikashuka kutoka 50 hadi 48 na kitu, kisha ikapanda tena polepole kadiri injini ilivyoongezewa mafuta. Karani wa mishahara alikuwa anajua kompresa imewaka bila kuambiwa na mtu. Umeme haukai stoo; unaotumika sekunde hii ndio unaozalishwa sekunde hii, na mahali penye mashine moja tu, deni lolote la ghafla hulipwa na mashine hiyohiyo, kwa mwendo wake.

Mzigo ulipozidi, ilibidi jenereta la pili liingie kusaidiana na la kwanza, na hapo ndipo fundi mkuu wetu alipokuwa anavua kofia yake na kusimama mbele ya paneli. Tulikuwa tunaita kusinki. Jenereta la pili linawashwa pembeni, halijabeba kitu, linapandishwa mpaka lizunguke mara 1,500 kwa dakika kama mwenzake na volti zilingane. Hayo yakitimia bado hujamaliza, kwa sababu mashine mbili zinaweza kwenda mwendo mmoja lakini zisikanyage pamoja, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja: wote wana kasi sawa, ila mchi wa huyu ukishuka wakati wa yule haujapanda, mtaumizana. Katika paneli yetu ya zamani palikuwa na taa tatu na saa yenye mshale mmoja, sinkroskopu. Mshale ulizunguka taratibu, taa zikiwaka na kufifia kwa pamoja kama mtu anayepumua. Taa zikizima kabisa na mshale ukielekea saa sita juu, hapo ndipo unapofunga breka, ile swichi kubwa ya kuwaunganisha. Ukiwahi au ukichelewa, mashine zinavutana kwa nguvu hadi zilingane, zitake zisitake.

Siku moja fundi mkuu alikwenda kuswali Ijumaa, minofu ikiwa imejaa chumba cha barafu, nami nikajiona nimeiva. Nilifunga breka mshale ukiwa karibu saa tatu. Mlio wake siwezi kuuandika. Sakafu ilitikisika, majenereta yote mawili yakazima, na kiungo kinachoshikanisha injini na jenereta la pili kikakatika kama muwa. Fundi mkuu aliporudi hakunifokea. Alikiokota kile kipande cha chuma, akanipa nikishike, akasema, "Mwanangu, umeme hauunganishwi kwa nguvu. Unasubiri mpaka wakubaliane wenyewe." Nilikatwa mshahara wa miezi miwili, na kwa kweli niliona wamenihurumia.

Nimekaa sana kwenye kiwanda kwa sababu gridi ya nchi ni jambo hilohilo lililokuzwa. Mashine zote zilizomo ndani yake, ya maji ya Kidatu, ya gesi ya Kinyerezi, ya bwawa la Rufiji, kila moja kwa umbo na mwendo wake, zinatoa umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde na kukanyaga pamoja. Zikiwa nyingi, uzito wa vyuma vinavyozunguka ni mkubwa kiasi kwamba kompresa ya kiwanda cha samaki ikiwashwa Mwanza hakuna karani yeyote anayejua. Ndiyo faida ya kwanza ya kuunganishwa, nayo haionekani: utulivu.

Mwanza yenyewe iliwahi kuwa kisiwa. Wazee waliofanya kazi ya umeme hapa wanaikumbuka Mwanza ya majenereta ya dizeli, kabla laini ya kilovolti 220 haijapanda kutoka Dodoma kupitia Singida na Shinyanga katika miaka ya 1980. Laini hiyo ilitutoa kwenye kisiwa, lakini ikatuweka mkiani. Mabwawa yalikuwa kusini, gesi ikaja kuwa kusini na mashariki, nasi tukawa mwisho wa waya mrefu, tukipokea kilichobaki baada ya safari. Waliokuwa na friji miaka ile wanajua maneno "umeme mdogo": taa ya manjano, pasi isiyopata moto, feni inayozunguka kwa uvivu. Ndiyo maana mtambo wa mafuta mazito ulikuja kujengwa Nyakato, wenye uwezo wa megawati 60 hivi, kwa gharama ambayo hakuna anayezalisha umeme wa maji angeikubali. Nafuu kubwa ilitoka kwenye njia ya msongo mkubwa kutoka Iringa hadi Shinyanga, iliyojengwa kwa viwango vya kilovolti 400. Hapa hesabu ni rahisi: umeme uleule ukisafirishwa kwa volti mara mbili, mkondo unapungua nusu na upotevu njiani unabaki robo. Kutoka 220 kwenda 400 upotevu unashuka hadi chini ya theluthi.

Kigoma walisubiri kuliko sisi. Mpaka mwaka 2022 mkoa ule ulikuwa unaendeshwa kwa majenereta, na Gridi ya Taifa ilipofika kupitia Nyakanazi, Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda mwenyewe kuyazima. Watu waliomshangilia rais kwa kuzima mashine hawakuwa wamechanganyikiwa. Aliyewahi kupangia biashara yake ratiba ya lori la dizeli anajua walishangilia nini.

Lakini kuunganisha mkoa na mkoa ni nusu ya habari, na kwa sisi wa kandokando ya ziwa ni nusu iliyo ndogo. Chukua ramani, upige mstari kutoka Mwanza hadi Rufiji, kisha mwingine kutoka Mwanza hadi Jinja. Jinja iko karibu zaidi, tena kwa mbali. Mipaka iliyochorwa na wakoloni haikuuliza maporomoko ya maji yako wapi, na anayetaka umeme wa karibu mara nyingi atajikuta anabisha hodi kwa jirani. Kenya ililijua hilo mapema. Ilianza kutumia umeme wa Owen Falls katika miaka ya 1950, kabla hata ya uhuru. Sisi tumekuja kulifanya kwa uzito miaka ya karibuni. Pale Rusumo, ambako Mto Kagera ni mpaka wetu na Rwanda, kuna mtambo wa megawati 80 uliojengwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi, kila nchi ikichukua theluthi yake, na kutoka pale nyaya za kilovolti 220 zinakwenda pande tatu: Kigali, Gitega na Nyakanazi. Mto umekuwa meza ambapo watu watatu wanakula sahani moja. Kutoka upande huo pia ndiko inakopangwa kutokea njia ya kilovolti 220, Benaco hadi Kyaka, ya kuishika Kagera na kuiingiza katika Gridi ya Taifa.

Kubwa kuliko zote ni ile ya kilovolti 400 inayotoka Singida, kupitia Babati, Arusha na Namanga, hadi Isinya nchini Kenya. Ina zaidi ya kilomita 500, imejengwa kuweza kubeba megawati 2,000, na iliwashwa mwishoni mwa 2024. Kule Kenya inakutana na laini iliyotoka Ethiopia, kilomita 1,045 kutoka Wolayta hadi Suswa. Hiyo ya Ethiopia ni ya mkondo mnyoofu, na fundi wa majenereta lazima aipende, kwa sababu kwa mkondo mnyoofu huhitaji kukanyaga pamoja na mwenzako: umeme unageuzwa ukiingia, unasafiri kama mkondo wa betri, unageuzwa tena ukitoka, na kila upande unabaki na mwendo wake. Ile ya kwetu na Kenya haina kinga hiyo. Siku zilipounganishwa, mashine za Rufiji na za Naivasha zilianza kukanyaga pamoja, na mahali fulani mtu au kompyuta ilisubiri mshale ufike saa sita. Nilisoma habari hiyo nikasikia mlio wa kile chuma miguuni mwangu.

Mwezi Machi 2025 Rais alipotangaza, akiwa Kilimanjaro, kwamba tutanunua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, saluni ninayonyolea Nyamanoro ilichafuka. "Tumejenga bwawa la megawati 2,115, tumekatwa tozo, halafu tukanunue kwa watu? Bwawa la nini sasa?" Kinyozi alisimamisha mashine nikiwa nimenyolewa upande mmoja. Swali lake lilikuwa la haki na lilistahili jibu zaidi ya lile lililotolewa na wengi, la kumwambia haelewi uchumi. Jibu liko kwenye waya. Umeme wa Rufiji unaokwenda Kilimanjaro unapanda kwanza kuelekea katikati ya nchi, kisha unarudi kaskazini, na unapotea njiani. Hasara iliyotajwa siku ile ilikuwa shilingi bilioni 32 hivi kwa mwaka. Mtu mwenye shamba la mpunga Kahama na nyumba Mwanza hasafirishi kila kilo kutoka shambani ikiwa Magu, hatua mbili kutoka kwake, kuna mchele wa bei nzuri. Anauza wake hukohuko Kahama, ananunua wa karibu, na gharama ya lori inabaki mfukoni. Nilimweleza hivyo. Akaniuliza, "Na mwenye mchele wa Magu akikasirika?" Hapo nilinyamaza, kwa maana ndilo swali lenyewe.

Nitalirudia, lakini kwanza mvua. Naamini sababu kubwa ya kuungana kwa ukanda huu ni mvua, ingawa wanasiasa hupenda zaidi kutaja megawati. Mabwawa yetu ya kusini hujazwa na mvua zinazoanza mwishoni mwa mwaka hadi Aprili. Nyanda za juu za Ethiopia hupata mvua zao kubwa kuanzia Juni hadi Septemba, wakati sisi tuko kiangazi na bwawa la Mtera linazidi kupungua. Bonde la ziwa lina vuli na masika yake, na ziwa lenyewe ni tangi ambalo hakuna binadamu angeweza kulijenga. Anayetegemea msimu mmoja atalala njaa msimu huo ukikosa, kama ilivyotukuta 2006 na 2011. Walioungana wana misimu mitatu. Na kujitegemea kwa tangi moja hakuna usalama pia: mwaka 2005 na 2006, ukame pamoja na maji mengi yaliyoachiwa Jinja vilishusha maji ya ziwa hadi hapa kwetu mialo ikabaki na tope, boti zimelala ubavu, na wachuuzi wa dagaa wakitembea hatua nyingi kufuata maji. Uganda ilikuwa inahangaika na mgao wake, na sisi tukashuhudia kwenye fukwe zetu. Tulikuwa tumeunganishwa na Jinja kwa maji kabla ya kuunganishwa kwa nyaya, ila hatukuwa na sauti yoyote kwenye paneli.

Kuna akiba pia. Mtambo mmoja wa Rufiji ni megawati 235. Ukizima ghafla, lazima pawe na mashine nyingine zinazozunguka bila kujaza uwezo wake, tayari kuziba pengo hilo katika sekunde chache. La sivyo hezi zinaporomoka na vituo vinaanza kukata wateja vyenyewe, mkoa hadi mkoa. Nchi iliyo peke yake hubeba akiba hiyo yote. Zilizoungana hugawana.

Sasa mwenye mchele akikasirika. Mkataba unaweza kuvunjwa, bei inaweza kupandishwa, na waya wa pamoja hubeba hitilafu kama unavyobeba umeme. Septemba 6, 2024, huko Kenya laini iliyokuwa inaleta umeme wa upepo kutoka Loiyangalani ilijizima ikiwa na megawati 288, mara ile ya Ethiopia ikafuata na 200 zake, na sehemu kubwa ya nchi ikaingia gizani asubuhi watu wakiwa kazini. Hitilafu ya aina hiyo leo ingetufikia Singida kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Kinga yake ipo, vifaa vya kukata muungano kwa wakati ili kila mmoja abaki na lake, lakini kinga hiyo inataka watu waliokaa pamoja wakakubaliana nani anakata nini kwanza. Nguzo ni chuma na saruji, fedha ikipatikana zinasimama. Makubaliano hayo ndiyo yanayochukua miaka, na ndiyo ninayotamani yaelezwe kwa wananchi kwa Kiswahili kinachoeleweka, kuliko picha za viongozi wakikata utepe. Ningependa yule kinyozi ajue kwamba umeme uliomo kwenye mashine yake hauna bendera: ukishaingia kwenye nyaya unapita pale njia ilipo rahisi, na mkataba ni hesabu inayofanywa baadaye kwa kusoma mita za mpakani.

Mwezi uliopita shangazi alinipigia simu. Amesikia redioni kwamba Kagera inaingizwa kwenye Gridi ya Taifa.

"Kwa hiyo Uganda watatukatia?"

"Hapana, shangazi. Mtakuwa na njia mbili. Huku pakikorofisha, kule panashika."

"Na nyie mkikatiwa, sisi je?"

Nilimwambia ukweli, kwamba inawezekana zikawapo siku ambazo Mwanza na Bukoba zitazimika kwa dakika ileile, jambo ambalo halikuwa rahisi kutokea zamani, ingawa siku hizo zinapaswa kuwa chache kuliko zile za kila mmoja kuzimika kivyake. Alikaa kimya kidogo. Nilisikia kuku wake wakigombana.

"Haya. Na hii stebilaiza ya friji uliyoniletea, niigawe?"

"Usiigawe, shangazi."